Dungu la Marehemu

Msitu wa ukweni kwangu una majina ambayo ramani ya serikali haiyajui. Kwenye ukingo wa kinamasi cha mierezi kuna Dungu la Babu, ingawa babu mwenyewe alifariki mume wangu akiwa hajazaliwa. Mbele yake, kijito kinapokata kona, kuna Pa Mkate: mtu mmoja wa ukoo alisinzia hapo, akaamka akakuta kunguru wamemaliza mkate wake, na tangu siku hiyo pakaitwa hivyo. Kuna Kwa Msweden, jirani aliyeuza shamba akahama zamani sana, na bado husemwa kwamba kulungu "amekatiza Kwa Msweden" kana kwamba mzee yule angalipo, anachungulia dirishani. Na juu kidogo, kwenye kilima chenye misonobari mitatu mikubwa, kuna dungu la kaka yake Baba mkwe. Aliyelijenga amekufa. Linaitwa kwa jina lake, na mimi nisiyewahi kumwona hai ndimi niliyepewa kulikalia.

Majina haya yana msimu wake. Uwindaji wa kulungu kwa bunduki katika jimbo la Wisconsin, Marekani, hudumu siku tisa: hufunguliwa Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, ile ya Alhamisi ya nne ya Novemba, na kufungwa Jumapili inayoifuata sikukuu hiyo. Katika siku hizo zaidi ya watu laki tano huingia porini na silaha. Wavue makoti yao ya rangi ya chungwa, utakuta ni walewale unaopishana nao mwaka mzima: muuguzi, fundi bomba, dereva wa basi la shule, mwalimu wa hisabati, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Baba mkwe alifanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka akastaafu. Hakuna kati yao anayejiona anafanya jambo la fahari. Huingia msituni jinsi watu wa kwetu wanavyotoka na majembe wingu la kwanza likijikusanya, kwa kuwa wakati umefika na mwenye akili hakai nyumbani.

Baridi nilishaizoea. Kilichonishangaza ni huyu fundi bomba. Nilikokulia, Tabora, mwindaji alikuwa mmoja wa watu watatu. Wa kwanza yumo kwenye hadithi za bibi, na hafi hata akikanyagwa na tembo. Wa pili ni mgeni aliyeshuka na ndege ndogo, akalipia kitalu kwa madola, akapigwa picha na simba aliyelala, akaondoka. Wa tatu ni jangili. Huyo wa tatu ndiye pekee aliyekuwa na sura tunayoijua, na katika familia yetu alikuwa babu, mzaa mama.

Babu alikuwa na gobore alilorithi kwa mjomba wake. Kiangazi kikikauka alilishindilia baruti, akalitia begani, akaingia kwenye miombo, na siku za bahati alirudi na funo au kongoni. Nyama iligawanywa kabla haijafika jikoni, na mgawo wake ulikuwa na kanuni ambazo mtoto hakubishana nazo. Paja la nyuma lilikuwa la mwenzake waliyefuata naye nyayo. Mbavu zilikwenda kwa majirani. Ini lilikuwa la wazee waliokwisha meno. Shingo ilikuwa ya mwenye eneo alikoangukia mnyama, hata kama mwenye eneo huyo hakuwa na habari yoyote mpaka alipobishiwa hodi. Shingo ilikuwa ushuru, na ilikuwa salamu pia.

Kisha siku moja askari wa wanyamapori wakamkuta na nyama ya kukausha. Wakachukua nyama, wakachukua gobore, naye akalala rumande mpaka wanawe walipouza ng'ombe. Mama alikuwa msichana wakati huo. Hukisimulia kisa hiki bila hasira, ila yule ng'ombe anamkumbuka mpaka rangi ya kwato.

Simtetei babu mbele ya sheria, na sheria yenyewe siichukii. Mwaka 1896, Hermann von Wissmann akiwa gavana wa Wajerumani, ilitoka amri ya kudhibiti uwindaji katika koloni lao la Afrika Mashariki, na tangu hapo kila utawala umeongeza kurasa zake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Ni maneno mazuri. Pasipo maneno ya aina hiyo, pengine tembo wangebaki kwenye noti za benki tu. Na Marekani nako walipitia njia hiyohiyo: kufikia mwaka 1900 kulungu wa mkia mweupe walikuwa wamechinjwa na wafanyabiashara wa nyama na ngozi mpaka nchi nzima ikabakiwa na takribani laki tatu hadi tano. Ndipo zikaja sheria kali, misimu, mipaka, marufuku ya kuuza. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria inayoelekeza ushuru wa asilimia 11 wa bunduki ndefu na risasi kwenye kazi ya kuhifadhi wanyama, kwa hiyo fundi bomba anaponunua risasi anachangia mshahara wa mtaalamu anayehesabu kulungu. Leo kulungu hao wanakadiriwa kufika milioni 30, na tatizo la wilaya nyingi ni wingi wao: wanakula miche ya miti yote, wanagongwa na magari usiku.

Dawa ni ileile. Tofauti ni nani aliachwa ndani ya uzio na nani aliachwa nje. Huku sheria ilimkuta mwanakijiji ana bunduki mlangoni, ikamwambia: subiri Novemba. Kwetu ilimkuta mwanakijiji ana gobore mlangoni, ikamwambia: lete hapa. Leseni ya uwindaji kwa wenyeji imo katika sheria zetu pia, na tangu 2020 kuna hata kanuni za mabucha ya nyamapori, jambo ambalo babu angelicheka mpaka akohoe. Lakini hakuwahi kumjua mtu hata mmoja kijijini aliyeishika leseni hiyo mkononi.

Yangu ya kwanza iligharimu dola 5. Ndiyo bei anayopewa anayenunua kwa mara ya kwanza maishani, ili avutike. Niliinunua kwenye duka linalouza petroli, kahawa na minyoo ya kuvulia samaki, na kijana wa kaunta aliniuliza uzito na rangi ya macho, akachapa karatasi, akanitakia heri. Nilisimama nje kwenye baridi nikiisoma. Jina langu, la baba yangu, na chini yake ruhusa ya jimbo zima kwamba niingie porini na silaha. Niliipiga picha nikamtumia Mama. Alijibu kwa swali: "Wamekupa hiyo bila kumpa mtu chochote?"

Kabla ya leseni yapo mafunzo ya usalama, ambayo sheria inamlazimu kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973. Baba mkwe alizaliwa kabla. Kwa hiyo mimi, niliyekuwa sijui risasi inaingilia wapi, nina cheti, na yeye aliyewinda tangu utotoni hana, jambo ambalo wajukuu wake hawachoki kumkumbusha. Darasani nilikaa na watoto wa miaka kumi na miwili ambao baba zao walikuwa wakiwangojea kwenye magari. Tulikaririshwa mambo manne: kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, mdomo wake uelekee pasipo na mtu, kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umeamua, na umjue unayemlenga, pamoja na kilichopo nyuma yake. Hilo la mwisho nimelifikiria sana tangu siku ile, na si kwa habari za kulungu peke yake.

Na siku tisa zikishakwisha hufunguliwa msimu mwingine, wa siku kumi, kwa ajili ya bunduki za kushindiliwa mdomoni. Magobore, basi. Watu hununua mapya, ya kupendeza, kwa sababu wanapenda ugumu wake. Nilipomweleza Mama kwenye simu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza yanauzwaje.

Sasa nije kwenye la ukweni, ambalo lilinitia hofu kuliko bunduki. Kibanda chao cha uwindaji, kule wilaya ya Price, kina chumba kimoja, jiko la kuni, vitanda vya kupandana na kamba ya kuanikia soksi. Nililelewa kwamba baba mkwe hupishwa njia. Ukimwona anakuja, unashuka kandoni na kupiga goti. Kiti alichokikalia hukikalii. Na kulala chini ya dari moja naye, mkisikilizana pumzi, ni jambo la kusimuliwa kama kichekesho cha watu waliopotea. Mume wangu alitaka anipangishie chumba mjini. Wifi akasema upuuzi, akatundika shuka katikati ya kibanda, ikawa ndio ukuta. Upande wa pili Baba akakoroma usiku kucha. Asubuhi nikamkuta ndani ya suruali ya ndani ndefu ya sufi nyekundu, anakaanga mayai, na bila kugeuka akaniuliza nataka mangapi. Nikatazama sakafu, nikasema mawili, Baba.

Wifi wa nyimbo za taarabu ni mtu wa vijembe. Huyu wangu ni muuguzi wa zamu za usiku, na kwa shabaha anawapita kaka zake wote. Sheria ya Wisconsin inataka mwindaji avae rangi ya chungwa inayowaka, angalau nusu ya nguo ya nje kuanzia kiunoni kwenda juu, na kama amefunika kichwa, basi hicho nacho kiwe nusu chungwa au zaidi. (Waridi kali nalo linaruhusiwa tangu 2016. Baba bado hajaafiki.) Mitandio ya chungwa ya kuzuia baridi haiuzwi popote kaskazini mwa jimbo lile. Wifi alichukua koti kuukuu la manyoya la mwanawe, akalikata, akanishonea mtandio kwa mashine, akaufikicha ndani ya mfuko wa majani ya mierezi ili upoteze harufu ya sabuni. Kulungu haioni rangi hiyo tuionavyo sisi. Macho yake ni dhaifu upande wa wekundu. Pua ndiyo inayomlinda. Ndiyo maana mtu aliyevaa rangi inayoonekana mbali namna ile hujificha kwa kukaa upande unakokwenda upepo, wala hapaki manukato.

Jioni ya mkesha wanaume walicheza karata na kunywa brandi, kinywaji ambacho Wisconsin inasifika kwa kukipenda. Mume wangu alisilimu kabla hatujaoana, kwa hiyo sisi wawili tulikunywa chai ya tangawizi, na hakuna aliyeona ajabu. Nilichokuwa nimekihofia zaidi ni sala ya alfajiri: nitaamkaje gizani nisiwasumbue watu wazima? Kumbe saa kumi na moja kibanda kizima kilikuwa macho, taa zinawaka, watu wanatafutana viatu. Nilitawadha kwa maji ya birika nyuma ya shuka. Baba aliwaambia watoto wapunguze sauti, mke wa mwanangu anasali.

Halafu mnatawanyika. Hilo halikuwa limenifikia akilini kabla: uwindaji wa familia ni familia inayoachana gizani, kila mtu na taa yake ya kichwani, mpaka kila mmoja anabaki peke yake ndani ya kilometa kadhaa za miti, akijua kwa hakika walipo wengine. Ndiyo kazi ya yale majina. Kujua kwamba Baba yuko Dungu la Babu na wifi yuko Pa Mkate ni kujua pia upande ambao kamwe hutaelekeza risasi. Ramani ya mapenzi ya ukoo huu ni ramani ya mahali ambapo hupigi.

Dungu la marehemu ni la mbao, ngazi sita, kiti cha kukunja, paa la bati. Nilikaa kabla ya mapambazuko na nikaanza kumfahamu mtu nisiyemjua. Alikuwa mrefu kuliko mimi, maana pa kukanyagia miguu ni mbali. Alitumia mkono wa kushoto; msumari wa kutundikia chupa ya kahawa uko kushoto. Alikuwa mvivu kidogo, au mwenye busara: kati ya matawi yote yaliyoziba alikata mawili tu, na kupitia upenyo huo, mwanga ulipoanza kuja, niliona njia ya kulungu ikiteremka kutoka kwenye misonobari hadi majini, imekanyagwa mpaka ikawa mfereji. Alikuwa ameniachia jicho lake. Kila nilichokiona asubuhi ile nilikiona kwa sababu mtu wa kabla yangu aliamua kitazamwe kutokea hapo, na nadhani huo ndio urithi wenyewe, kuliko bunduki na kuliko hati ya shamba.

Baridi kali ina tabia ya kufukua mawazo. Saa ya kwanza niliwaza vidole. Saa ya pili niliwaza mambo mengine.

Wilaya inayopakana na ile ya ukweni inaitwa Sawyer. Novemba 21, 2004, mwindaji Mhmong, mkimbizi wa asili ya Laos aliyehamia Minnesota, alikutwa ameketi kwenye dungu lisilo lake katika shamba la watu. Wenye shamba wakamfukuza, maneno yakachacha. Yeye alisema baadaye mahakamani kwamba alitukanwa kwa asili yake. Alifyatua risasi, watu sita wakafa na wawili wakajeruhiwa. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Januari 2007, mashariki ya hapo, karibu na Peshtigo, Mhmong mwingine aliyekuwa akiwinda kindi aliuawa na mwindaji mzungu. Wahmong wengi walifika Marekani baada ya vita vya Laos na Vietnam, na katika vitu vichache walivyovikuta huku vinavyofanana na kwao, kimoja kilikuwa msitu wenye wanyama. Mume wangu alinisimulia haya kwa sauti ya chini tukiwa njiani, akitazama barabara. Hakusema kwa nini ananisimulia, nami sikuuliza. Mwanamke mweusi mwenye mtandio, peke yake, na bunduki ya kaliba .243 magotini: nilijua vizuri kwamba dungu linanihifadhi si kwa mbao zake. Linanihifadhi kwa jina la marehemu. Akitokea mtu akauliza wewe nani, jibu langu lingekuwa jina la mwanamume aliyekufa, na lingetosha.

Ndipo nikawaza aliyekuwa na jina kabla ya hilo. Shamba lile babu yake Baba mkwe alilinunua kwa kampuni ya mbao. Makampuni yalikuwa yamekwisha kuangusha misonobari ya kaskazini yote, yakabaki na visiki, nayo yakawauzia wahamiaji kutoka Ulaya visiki hivyo kwa maneno matamu kuhusu kilimo. Na kampuni? Nchi ile yote ilitoka kwa Waojibwe kwa mikataba ya 1837 na 1842. Mikataba hiyo iliwaachia haki ya kuwinda, kuvua na kuokota katika ardhi waliyoitoa. Jimbo likajifanya halikuliona fungu hilo kwa zaidi ya karne moja, likawakamata wajukuu wa waliotia saini. Mwaka 1974 ndugu wawili wa Lac Courte Oreilles walikwenda kwa makusudi kuvua samaki kwa mkuki nje ya mpaka wa hifadhi yao, mkononi wameshika nakala ya mkataba, wakakamatwa. Mwaka 1983 mahakama ya rufani ya shirikisho ikasema haki ile haijafa. Kilichofuata ni miaka ya vurugu kwenye maziwa, watu wakipiga mayowe na kurusha mawe usiku Waojibwe wanapovua. Baba mkwe anaikumbuka miaka hiyo. Nilipomuuliza alikuwa upande gani, alisema alikuwa kijana na hakuwa na akili nyingi, akaongeza kuni jikoni.

Kwa hiyo hata huku walikuwapo akina babu yangu. Sikulifurahia wazo hilo, wala halikuniondolea furaha ya kukaa pale. Yote mawili yalikaa nami kwenye kiti kimoja.

Dume changa lilikuja kwa njia ya mfereji, pembe zake matawi mawili mawili, kichwa chini. Novemba ni wakati wao wa kutafuta majike, na harufu ya jike huwatoa akili. Hilo ndilo lililolileta saa ambayo kulungu mwenye busara amekwisha kulala. Nilisema Bismillah Allahu Akbar kwa ulimi, si kwa moyo tu, maana nilikuwa nimemuuliza sheikh wa msikiti wetu na jibu lake lilikuwa hilo: utaje jina la Mungu unapofyatua, risasi ipenye, na ukimkuta hai umchinje. Wifi alikuwa amenifundisha lingine: nyuma ya bega, theluthi ya chini, na usimtazame usoni. Nilizingatia yote matatu. Kishindo sikukisikia. Niliona tu mkia mweupe ukiinuka na mnyama akiruka kama asiyeguswa, akapotea.

Sheria ya ukoo ni kukaa nusu saa bila kushuka. Kulungu aliyepigwa mapafu hulala karibu akiachwa. Akifukuzwa hukimbia na uhai wake mpaka kinamasini. Ile nusu saa ndiyo iliyokuwa uwindaji hasa. Sikulia. Nilitetemeka magoti, na nikasoma nilichokuwa na uwezo wa kukisoma.

Wifi alikuja, na mume wangu nyuma yake. Damu kwenye majani makavu ilikuwa nyekundu ya kung'aa, ina mapovu madogo, na wifi akasema mapafu, yuko karibu, tangulia wewe. Hapo nilijisikia nimefika mahali ninapopajua. Mama alitufundisha kufuata mbuzi aliyepotea kwa namna alivyofundishwa na babu kufuata kongoni: hutazami chini ya miguu yako, unatazama mbele kwa kuinamisha macho, na unasoma kilichokosekana, umande uliopanguswa, jani lililopinduka likaonyesha tumbo. Tulimkuta chini ya mwerezi, amekwisha kufa. Wifi alinishika bega akaliacha. Baba alipofika alivua kofia, akamtazama kulungu, akanitazama mimi, akasema, "Kaka yangu hakuwahi kumpata mzuri hivi pale." Mume wangu aliniambia baadaye huo ulikuwa uongo mtupu, ukuta wa kibanda umejaa pembe za marehemu.

Kupasua sikuonyeshwa, nilionyesha. Nimekua kwenye nyumba inayochinja, na utumbo wa mnyama haunitishi. Ini tulilitenga kwenye mfuko, nikampa Baba kwa mikono miwili na goti chini, palepale kwenye theluji nyepesi. Alishtuka akataka kuniinua. Mume wangu alimwambia kitu, naye akapokea, kwa mikono miwili.

Sheria inataka kulungu asajiliwe kabla ya saa kumi na moja jioni ya kesho yake, kwa simu au kwa intaneti. Kichwa tulikipeleka kwenye kituo cha kupimia, kwa kuwa tangu 2002 jimbo lina ugonjwa unaokula ubongo wa kulungu na kuwakondesha mpaka wanakufa, ambao kisababishi chake ni protini iliyojikunja vibaya na haiharibiki kwa kupikwa. Binadamu aliyethibitika kuupata hajaonekana, ila wataalamu wa afya wanashauri aliyeambukizwa asiliwe. Nyama ikalala kwenye friza na namba yake mpaka majibu yakarudi safi. Soseji ndizo zilizoleta mjadala. Nyama ya kulungu ina mafuta machache, kwa hiyo kule mara nyingi husagwa pamoja na mafuta ya nguruwe. Mama mkwe ndiye aliyepiga simu bucha mbili tatu mpaka akapata anayekubali kusafisha mashine kwanza na kutumia mafuta ya ng'ombe. Soseji zangu zilirudi zimeandikwa kwa kalamu nene, na shemeji mdogo anadai ndizo tamu kuliko zote za mwaka ule. Kuuza haturuhusiwi, hata kilo. Nyama ya kulungu wa porini Marekani huliwa, hugawiwa, haifanyiwi biashara, na kwa kanuni hiyo moja babu angejiona nyumbani.

Mama alitaka hesabu kamili. "Mlichinja?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, nikamweleza Bismillah na risasi na maneno ya sheikh, akaridhika nusu. Ini? La Baba mkwe. Paja? La wifi, aliyefuata nyayo nami. Mbavu tumewapa majirani zetu Wakongo wa ghorofa ya chini, ambao walizichoma siku hiyohiyo na kutuita.

"Na shingo?"

Shingo nilimpelekea mama mkwe, maana jina lake limo kwenye hati ya shamba pamoja na la mumewe. Mama akasema nimefanya vizuri. Kisha akauliza hao wakwe walilipataje pori lote hilo, nami nikaanza kumsimulia: kampuni ya mbao, visiki, mikataba, wale ndugu wawili na mkuki wao. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake kwenye simu.

"Basi shingo moja haitoshi," akasema. Halafu akataka kujua mwakani leseni itakuwa kiasi gani.

Dola 24, nikamwambia. Ndiyo bei ya mwenyeji.